Nafasi Tisa Nilizoziacha Wazi

Kila asubuhi, kabla sijabandika kahawa, nachungulia dirishani. Sitazami mvua wala mlima. Natazama ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya wifi yangu Maddi. Nataka kujua kama taa yake imewaka. Ikiwaka kabla ya yangu, siku yangu imeharibika.

Mimi ni Gaxuxa. Nashona viatu vya juti hapa Mauléon, mji mdogo wa Ufaransa, kama walivyoshona mama zetu. Soli ni msuko wa juti, nyuzi zile za magunia, uliozungushwa na kushonwa. Juu yake ni kitambaa kizito cha pamba. Mume wangu Allande anatengeneza soli. Mimi na mafundi wangu wawili, Panpili na Kattalin, tunashikiza kitambaa kwenye soli kwa mkono. Sindano zetu ni ndefu kama kidole cha kati.

Maddi ni dada yake Allande. Naye anashona viatu hivyo hivyo. Kwetu nyumba haigawanywi. Anapewa mtoto mmoja, wengine wanatafuta pa kwenda. Allande alipewa nyumba na karakana. Maddi alitoka na cherehani moja na sindano zake, akapanga vyumba viwili ng'ambo ya barabara.

Mtu angedhani mwenye wivu ni yeye. Wapi! Mwenye wivu ni mimi.

Kwani nifiche nini? Mishono ya Maddi imenyooka kuliko yangu. Maua yake ya dirishani hayanyauki. Wateja wakiingia kwangu, wanatazama saa. Wakiingia kwake, wanakaa na kucheka. Hata mama mkwe, Mungu amrehemu, aliishi kwangu lakini kila Jumapili alikwenda kula kwa Maddi. Alirudi amenawiri, na mimi roho inaniuma.

Ila nilikuwa na kitu kimoja ambacho Maddi hakuwa nacho.

Wiki moja kabla ya harusi yangu, mama mkwe alinipakia kwenye gari lake la mizigo. Tulikwenda hadi mji wa Oloron, kwa mfumaji mmoja anayeitwa Bwana Lacabanne. Aliniambia, "Gaxuxa, kitambaa kizuri kama hiki hutakipata kwingine. Chukua kwa huyu. Lakini usimwambie mtu. Hata Maddi. Hii nakupa wewe, kwa sababu wewe ndiye mwanangu."

Wewe ndiye mwanangu! Maneno hayo niliyatunza miaka ishirini na miwili. Maddi aliponiudhi, nilijiambia, "Mwache. Yeye kazaliwa tu. Aliyechaguliwa ni mimi."

*

Sasa sikilizeni nilivyojiponza.

Kule mjini Bayonne kuna duka la viatu la Bi Haristoy. Nusu ya viatu vyetu vya kiangazi vinauzwa hapo. Maddi naye anauza hapo. Tuna rafu yetu karibu na dirisha, wapita njia wote wanaiona. Bila rafu ile, Panpili na Kattalin hawana kazi. Na mimi nitashonea nani?

Mwezi wa tatu Bi Haristoy alituma barua. Ofisi ya mazingira ilikuwa inajaribu aina mbili za lebo mpya za nguo na viatu. Lebo ingemwonyesha mnunuzi jinsi kiatu kilivyoyaumiza maji, hewa na ardhi, tangu pamba iko shambani hadi kiatu kinatupwa. Duka lake limechaguliwa kwa jaribio. Kila fundi ajaze fomu. Mwishoni kabisa Bi Haristoy aliongeza kwa kalamu: "Kiangazi hiki rafu ya dirishani nitawapa wenye lebo nzuri."

Tulikaa mezani na Allande. Yeye alisoma, mimi nikajibu.

"Uzito wa kiatu?"

"Andika."

"Juti inatoka wapi?"

"Bangladeshi. Kila mtu anajua. Andika."

"Kitambaa kimefumwa wapi?"

"Ruka hapo."

"Kimetiwa rangi wapi?"

"Ruka."

"Hicho kiwanda kinatumia umeme wa aina gani?"

"Allande, si nimesema ruka? Fomu hii itapita kwa Bi Haristoy, na mwanamke yule mdomo wake hauna mlango. Kesho Maddi atamjua mfumaji wangu!"

Allande alikuna kichwa. "Lakini mke wangu, wanauliza hata pamba imelimwa wapi. Nayo turuke?"

"Nayo."

Tuliruka nafasi tisa. Nilitia sahihi kwa mbwembwe, nikabandika stempu.

*

Baada ya wiki tano majibu ya kwanza yalifika. Lebo ya kwanza ilikuwa ya namba. Viatu vyetu vilipata sitini na moja. Nilimpigia simu Bi Haristoy, nikauliza kwa sauti ya kutojali, "Na wifi yangu je?"

"Thelathini na nne," alisema.

Lo! Nilikata simu nikacheza pale pale jikoni. Sitini na moja kwa thelathini na nne! Shuleni kwetu mwenye namba kubwa ndiye anayepigiwa makofi. Nilioka keki ya cheri. Nikakata kipande, nikakifunika kwa kitambaa, nikavuka barabara.

Maddi alikuwa anashona mlangoni, anapata jua.

"Wifi, nimekuletea keki," nilisema. "Pole sana."

"Pole ya nini, wifi?"

"Ya hiyo thelathini na nne. Usikate tamaa. Kila mtu na riziki yake."

Maddi alinitazama. Akainamisha kichwa, akakata uzi kwa meno. Mabega yake yalitetemeka kidogo. Nilidhani analia.

"Ahsante, wifi," alisema. "Una moyo wewe."

Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Siku nne baadaye zikaja lebo za pili. Hizi hazikuwa na namba, zilikuwa na herufi na rangi. Herufi A ilikuwa ya kijani, na ndiyo bora. E ilikuwa nyekundu. Maddi alipata B. Sisi tulipata D, rangi ya machungwa.

Nilisoma karatasi mara tatu. Chini kabisa paliandikwa: "Katika lebo ya namba, namba ikiwa kubwa, madhara ni makubwa."

Nikakumbuka yale mabega. Kumbe hakuwa analia! Alikuwa anacheka! Alijua maana ya namba tangu mwanzo, akaniacha nimpe pole, akala na keki yangu.

Jioni ile nilimwona dirishani kwake. Nikafungua langu, nikapiga kelele, "Ulijua, Maddi!"

"Nilijua nini?"

"Unajua ulichojua!"

"Keki ilikuwa tamu, wifi!" alijibu. "Na mwenye wivu ajinyonge!"

Akafunga dirisha. Nami nikakaa chini, nikaandika barua kwa ofisi ya mazingira. Niliandika kwamba Maddi ni mwongo. Mimi nashona kitambaa chenye mistari, cha hapa hapa kwetu. Yeye anashona cha rangi moja, bila shaka kimeletwa kwa meli kutoka mbali. Iweje yeye apate B na mimi D? Nilitaka mtu aje aone mwenyewe.

*

Alikuja binti mmoja mwembamba, anaitwa Solenn. Ndiye aliyesimamia jaribio katika upande wetu. Nilimpa kahawa, nikaanza.

"Binti, nataka unionyeshe fomu ya wifi yangu."

"Siwezi, Bi Gaxuxa. Fomu ya mtu ni siri yake. Lakini naweza kukuonyesha ya kwako."

Akaifungua mezani. Akaweka kidole kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi, kisha ya pili, hadi ya tisa. Allande alikohoa, akajifanya anatafuta sukari.

"Kwa nini uliziacha wazi?" aliuliza Solenn.

"Ni mambo ya nyumba yangu. Kwani usiloambiwa si unaliacha tu?"

"Hatuwezi kuacha. Ngoja nikuulize. Mgeni akikuambia atakuja na wenzake, asiseme ni wangapi, utapika chakula cha wangapi?"

"Cha wengi. Nisije nikaaibika."

"Basi na sisi tunafanya hivyo. Usiposema kitambaa kimefumwa wapi, tunahesabu kwamba kimefumwa mahali penye moshi mwingi. Usiposema kimetiwa rangi wapi, tunahesabu maji mengi ya kuchemsha na rangi iliyomwagwa mtoni."

"Mto gani? Mimi sijamwaga rangi kwenye mto wowote!"

"Najua. Lakini hukusema."

Nilipandwa na hasira. "Kwa nini msihesabu madogo? Kwa nini mnanidhania mabaya?"

Solenn hakukasirika. "Tukihesabu madogo, mwenye kiwanda kichafu naye ataacha wazi. Atapata lebo ya kijani kwa kunyamaza tu. Utaikubali hiyo?"

"Siikubali," nilisema kwa shingo upande. "Lakini sisi tunashona kwa mkono! Hapa hapa! Hata mashine hatuwashi."

"Na imehesabiwa. Kushona kwa mkono kunakula umeme kidogo sana. Lakini mzigo mkubwa wa kiatu kwa mazingira unaanza kabla kitambaa hakijafika kwako. Uko kwenye kulima pamba, kwenye kufuma, na kwenye kuchemsha maji ya rangi. Kiatu kinaweza kushonwa hapa na kikawa na mzigo mzito. Lazima tujue safari nzima."

Allande akadakia, "Si nilikwambia?"

"Nyamaza wewe."

Solenn alitabasamu. "Bi Gaxuxa, tena kitu kimoja. Hili ni jaribio. Hatuwapimi ninyi. Tunaipima lebo. Tunataka kujua ipi inaeleweka na ipi inawapotosha watu. Ile ya namba, uliielewaje?"

Nilianza kukusanya vikombe. Allande, yule msaliti, alisema, "Alioka keki."

Nikasimulia yote. Solenn alicheka hadi akatoa machozi, kisha akaandika kila neno kwenye daftari lake. "Wewe si wa kwanza," alisema. "Dukani watu wengi wamechagua namba kubwa wakidhani ndiyo bora. Hili ndilo tunalolitafuta."

Ndipo akanipa siku ya mwisho. Nikileta barua ya mfumaji kabla ya Ijumaa kwisha, yenye maelezo ya pamba, umeme na rangi, hesabu itafanywa upya. Nisipoleta, D inabaki, na Bi Haristoy atapanga rafu zake Jumatatu.

Alipoondoka, Allande alikaa karibu nami.

"Mficha uchi hazai, mke wangu."

"Ni siri ya mama yako."

"Mama amekufa. Panpili na Kattalin wako hai."

Sikulala vizuri. Kila nikigeuka namwona Maddi ameshika jina la Lacabanne mkononi, analichezea. Siri ile ndiyo iliyokuwa yangu peke yangu. Nikiitoa, nabaki na nini? Lakini asubuhi nilimwona Panpili akining'iniza koti lake msumarini, kama anavyofanya kila siku kwa miaka kumi na minne. Nikachukua funguo za gari.

*

Mimi huenda Oloron Jumanne. Siku zote mama mkwe alisisitiza Jumanne. Lakini siku ile ilikuwa Alhamisi, na mwisho wangu ulikuwa kesho yake.

Nilipoingia uani kwa Lacabanne, nilikanyaga breki ghafla. Gari la buluu la Maddi lilikuwa pale. Na mwenyewe alikuwa anatoka mlangoni, amebeba jora la kitambaa chekundu begani.

"Mwizi!" nilipiga kelele. "Umenifuata hadi huku!"

Maddi aliangusha jora. "Nani amemfuata nani? Wewe ndiye umenifuata! Nyumba mmechukua, karakana mmechukua, sasa mnataka na mfumaji wangu?"

"Wako? Wako tangu lini?"

"Tangu nilipotoka nyumbani! Mama alinileta mwenyewe!"

"Thubutu! Mama alinileta mimi!"

Bwana Lacabanne alitoka, mzee wa miaka themanini, ana nyuzi kwenye nyusi. Alitutazama, akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyechoka.

"Miaka ishirini na miwili naiogopa siku hii," alisema. "Mama yenu aliwaleta wote wawili. Wewe wiki moja, wewe wiki iliyofuata. Akanipa sharti. Gaxuxa aje Jumanne, achukue cha mistari. Maddi aje Alhamisi, achukue cha rangi moja. Na mimi nifunge mdomo."

Ndani, mashine za kufuma ziliendelea kugonga.

Nilimuuliza Maddi polepole, "Alikwambia nini siku ile?"

Maddi aliokota jora lake. Alilipangusa vumbi, tena na tena, ingawa lilikuwa limeshatakata.

"Alisema, 'Nyumba nimempa Allande kwa sababu ya desturi. Wewe nakupa hiki. Usimwambie mtu, hata Gaxuxa. Wewe ndiye mwanangu.'"

Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Maneno yangu! Neno kwa neno! Miaka yote ile nilijifunika nayo, na mwenzangu alikuwa na ya kwake, yamekatwa kwenye jora lile lile. Wivu ulinikaba, mkali kuliko siku zote. Nililia mbele ya Maddi, jambo ambalo niliapa sitalifanya.

"Na mimi alinambia hivyo hivyo," nilisema. "Hivyo hivyo, Maddi."

Midomo ya Maddi ikaanza kucheza. "Mwongo mkubwa yule mama."

"Mungu amrehemu."

"Amrehemu, lakini mwongo."

Tulicheka wote wawili, makamasi yanatutoka, mzee wa watu anatutazama. Tukakaa naye kwenye ngazi.

"Lakini wewe fomu uliijaza," nilimwambia. "Kiapo cha mama ulikivunja."

"Sikukivunja. Mama alisema nisikwambie wewe. Hakusema nisiiambie serikali."

Bwana Lacabanne aliniandikia barua siku ile ile, nami nikaiwahisha kwa Solenn. Umeme wake unatoka kwenye maporomoko ya maji ya bonde lile. Maji ya rangi anayasafisha kabla ya kuyaachia mtoni. Pamba yake ina karatasi zake tangu shambani. Vyote vilikuwepo siku zote. Vilikuwa vinangoja niviseme.

*

Jumatatu hesabu mpya ilifika. Sitini na moja ilishuka hadi thelathini na sita. D ikawa B. Safari hii nilijua namba ikishuka ni heri, nikacheza tena jikoni. Rafu ya dirishani ilibaki yetu. Panpili na Kattalin walishona hadi mwisho wa kiangazi, na koti la Panpili bado liko msumarini.

Solenn alirudi mwezi wa tisa na fomu za duru ya pili ya jaribio. Juu kabisa, kwa herufi nene nyekundu, palikuwa na sentensi mpya: "Ukiacha nafasi wazi, tutahesabu madhara makubwa." Na lebo ya namba sasa ilikuwa na maneno matatu chini yake: "Ndogo ni bora."

"Sentensi hizo ni zako, Bi Gaxuxa," alisema.

"Usimwambie mtu," nilimjibu.

Lakini nyie mnanijua sasa. Kule Bayonne viatu vyangu na vya Maddi vimekaa rafu moja, bega kwa bega. Mimi thelathini na sita, yeye thelathini na nne. Kitambaa kimoja, juti moja, mfumaji mmoja. Zile mbili zimetoka wapi? Zilinikereketa wiki nzima. Zamani ningeandika barua ya kumshtaki. Safari hii nilivuka barabara, mikono mitupu.

Maddi alikuwa ameshika kiatu kikuukuu cha mteja. Alikuwa anafumua kitambaa kilichochakaa, apate kushona kipya kwenye soli ile ile.

"Zile mbili ulizonishinda zimetoka hapo?" niliuliza.

"Hapo hapo. Kiatu kikidumu miaka mitatu badala ya mmoja, mzigo wake unagawanywa kwa mitatu. Kwenye fomu wanauliza kama unatengeneza vikuukuu. Niliandika ndiyo, wakanipunguzia mbili."

Nilivuta kigoda, nikakaa. Wivu bado upo, sitawadanganya. Lakini nilitoa sindano yangu kwenye kola.

"Nifundishe, wifi."

"Miaka yote hii ulikuwa wapi kuniuliza?"

"Na wewe ulikuwa wapi kunambia?"

Maddi alinisogezea kiatu cha pili. "Mama alinikataza."